Mpima Jasho na Piano ya Ngazini

Nchi ninayoisimulia haipo. Na kama ipo, si hii. Na kama ni hii, basi mambo haya yalitokea mchana mmejilalia, ndiyo maana hamkuyaona. Msiniulize jina lake, maana kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Alhamisi moja kwa mwezi, nayo daima huangukia sikukuu.

Mimi naitwa Sefania Mkude, Mpima Jasho Daraja la Pili katika Idara ya Taifa ya Ugumu wa Vipande vya Piano. Naona kuna mtu kacheka huko nyuma. Cheka tu, ndugu yangu. Cheo changu kina muhuri, chako je? Zamani nilikuwa napima iliki na zafarani sokoni kwa mizani ndogo ya shaba, na mizani hiyo haikuwahi kusema uongo hata siku moja. Kwa sababu hiyo nikaitwa serikalini. Nilikwenda mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Idara yenyewe ilizaliwa hivi. Mtukufu Rais wetu alikwenda nchi za baridi kutibiwa jino. Hotelini akamkuta mtu anapiga piano, vile vipande vya kizamani vya mabwana waliopenda sana, wakakohoa sana, wakaandikia vidole kumi kazi ya vidole kumi na tano. Mpigaji alikuwa ameloa chapachapa. Mtukufu akauliza, "Huyu ana homa?" Akajibiwa, "Hapana, Mtukufu, ni ugumu wa kipande." Basi hakulala tena hotelini hapo. Alirudi na jino lake bovu na amri mpya: taifa litapimwa kwa ugumu.

Mwanzoni wajuzi wetu walisumbuana sana. Mmoja alisema kipande kigumu ni kile ambacho karatasi yake ni nyeusi kwa noti. Mwingine akasema la, ni kile kinachokwisha kabla hujajua kimeanza. Wa tatu alitaka tupime urefu wa nywele za mtunzi kwenye picha. Wakarushiana viti mpaka Mtukufu mwenyewe akaingia, akatoa leso mfukoni, akajifuta paji la uso, akasema, "Hii hapa." Watu wazima walilia kwa furaha, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tangu siku ile utaratibu ni mmoja. Mpigaji akifika, namfuta jasho lote la barabarani, maana hilo si la muziki. Akishapiga, namfuta kwa leso nyeupe ya pamba, mara tatu tu: paji, shingo, kidevu. Leso naiweka kwenye mizani. Gramu ndizo ugumu. Lolote linalofanywa kwa piano mbele ya afisa wa Idara lazima lipimwe, na kipimo hakirudiwi, kwa kuwa kurudia ni kuishuku leso, na kuishuku leso ni kumshuku mwenye leso.

Mtukufu alitangulia kuonyesha mfano. Alipiga kipande chake mwenyewe, *Bata Avuka Barabara*, cha vidole viwili na noti kumi na tatu. Alikipiga uwanjani, jua la Januari, amevaa koti la kijeshi lenye nishani arobaini. Gramu arobaini na mbili! Nilipima mwenyewe, na mizani haikutetereka. Ikaandikwa daraja la kumi, na sheria ikaongeza kwamba ni uhaini kufanya kwa piano jambo lolote litakalozidi gramu za Mtukufu.

Yaliyobaki ni madogo. Anayefundisha vipande vya daraja la saba kwenda juu aruhusiwe kuwa na piano. Aliye chini ya hapo, wanafunzi wake wajifunzie mezani, wagongegonge ubao na kuwaza sauti. Na kipande chochote cha daraja la kwanza, mawaziri wote wakijue na wakipige Siku ya Taifa, maana ni aibu kiongozi kushindwa na jambo rahisi. Wakati ule daraja la kwanza lilikuwa na kipande kimoja tu, cha noti tano, na mawaziri walikuwa wakikipiga vizuri wakisaidiana.

*

Sasa akatokea Mwalimu Leokadia Nyambo.

Mwalimu huyu alikuwa na shule ya piano Mtaa wa Wafinyanzi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mikeka. Wanafunzi ishirini na watatu, piano moja. Ilikuwa nyeusi, ya kusimama, iliyoachwa na hoteli iliyofungwa, na ilikuwa na kibao kimoja kilichokwama kila mvua ikinyesha. Aliomba kibali cha kufundisha *Tufani Milimani*, kurasa kumi na nne, kazi ya bwana mmoja wa nchi za baridi aliyekufa kwa mapenzi na kikohozi, sijui kipi kilitangulia.

Nilitumwa kwake kujaza fomu ya awali. Nikapanda ngazi zile kumi na tisa zenye kona katikati, nikamkuta anafuta vumbi kwenye vibao kwa pindo la kanga.

"Mwalimu, nina haraka," nikasema. "Ugumu wa kipande chako uko ukurasa wa ngapi?"

"Wa nne."

Nikafungua. Ala! Kurasa nyingine zote zilikuwa nyeusi tititi, noti zimebanana hazina pa kupumulia, lakini ukurasa wa nne ulikuwa karibu mweupe. Noti chache, moja huku, moja kule.

"Unanitania, Mwalimu. Hapa hata mwanangu wa chekechea anapiga."

"Kurasa nyingine ni mbio, Bwana Mkude. Mbio unazifanyia mazoezi mwaka, miwili, mwisho zinakuja. Hapa kidole hiki cha nne, kivivu kuliko vyote, ndicho kiimbe. Wenzake wafanye kazi na wasisikike. Kikizidi kidogo, wimbo umeharibika. Kikipungua, haupo. Nimehangaika nacho miaka kumi na mmoja."

"Gramu ngapi?"

"Hazipimiki."

Nikaandika: *sifuri kwa sasa*. Fomu haina nafasi ya maneno mengine.

Jioni ile ile Mkurugenzi Mkuu wa Ugumu, Daktari Gaudensi Mbwilo, alimwita Mwalimu ofisini. Daktari Mbwilo udaktari wake alipewa siku moja na gari lake, na vyote viwili hakuviendesha mwenyewe. Alizunguka meza yake mara nne, maana hana tabia ya kutulia.

"Mama, Idara inakupenda," akasema. "Ukitoka gramu ishirini na nane, ni daraja la saba, piano utabaki nayo. Ukipungua, watoto wako mezani. Ukizidi arobaini na mbili..." Akaitazama picha ya Mtukufu ukutani, akameza mate.

"Kwa hiyo nitoke jasho la kadiri."

"Umeelewa vizuri sana. Njoo na sweta."

*

Siku ya kipimo Mwalimu Leokadia alikuja na masweta mawili, koti la mvua, na chupa ya chai ya tangawizi iliyotiwa pilipili. Aliinywa mlangoni yote. Alipoketi alikuwa anachuruzika. Kwa masikitiko nikamfuta kwa taulo mbili, maana sheria ni sheria, na jasho la chai si la muziki. Akaniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakosa hamu ya kula.

Kisha akapiga.

Mimi muziki siujui, nisijisifu. Najua iliki. Lakini nawaambieni, mkono wa kushoto uliruka kutoka mwisho wa piano mpaka katikati na kurudi, haukukosea hata mara moja, na wa kulia ulikwenda mbio mpaka wajumbe wa kamati wakashika viti vyao. Akafika ukurasa ule mweupe. Nilimkumbuka marehemu mama yangu akinipozea uji, jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka thelathini, na wala halikuwa kwenye fomu.

Alipomaliza nikamfuta. Paji kavu. Shingo kavu. Kidevu kikavu! Nikatafuta hata nyuma ya sikio, kinyume cha kanuni, nikakosa. Leso nikaiweka kwenye mizani: gramu moja na nusu, na hiyo nusu nahisi ilikuwa ya kidole changu.

"Rahisi mno!" akasema mjumbe wa kwanza.

"Hata uso hakukunja," akasema wa pili. "Mimi nilikuwa namtazama uso tu, muziki sikuusikiliza."

"Daraja la kwanza," Daktari Mbwilo akatangaza, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. "Kipande cha chekechea! Piano itachukuliwa, wanafunzi watumie meza."

Mwalimu Leokadia alibaki kwenye kiti na masweta yake.

"Mwili wangu ukisikia piano hupoa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nilijua hivyo, na bado nikaja. Sasa wale watoto nitawaambia nini?"

Niliona haya, wallahi, na nikatamani mizani yangu ingekuwa mbovu siku hiyo.

*

Lakini wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kesho yake asubuhi Waziri wa Maji alikuwa anasoma gazeti la serikali huku anakunywa chai. Akaona: *Tufani Milimani, daraja la kwanza*. Akakumbuka mawaziri hupiga nini Siku ya Taifa. Chai ikamwendea njia ya pua.

Siku ya Taifa ilikuwa wiki tatu mbele. Baraza zima lilimkimbilia Daktari Mbwilo. "Pima upya!" wakamwambia. Naye akawauliza kwa upole, "Waheshimiwa, nani kati yenu anaishuku leso? Aandike jina lake hapa." Kalamu ilizunguka meza nzima ikarudi bila kazi.

Basi uamuzi ukatoka kwamba piano ya Mtaa wa Wafinyanzi isichukuliwe mpaka mawaziri wamalize masomo. Magari kumi na mawili yakaegeshwa mbele ya duka la mikeka. Mwalimu Leokadia akawakalisha mawaziri kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakagusa videvu. Watoto nao wakakaa ngazini wakisubiri zamu, na kila Mheshimiwa akikosea, wanaguna kwa pamoja, "Mmh!"

Waziri wa Maji aliteguka kidole ukurasa wa kwanza. Waziri wa Ardhi aliuliza kama hizo noti za kuruka haziwezi kusogezwa karibu kwa amri, na akaahidi kulifikisha suala hilo panapohusika. Waziri wa Ulinzi alivamia vibao kwa ngumi mbili, kikapasuka kioo cha jirani. Siku ya tano Waziri wa Elimu, mzee wa watu, aliukuta ukurasa wa nne akashusha pumzi. "Afadhali, hapa ni kweupe." Akajaribu. Akajaribu tena. Akajaribu mpaka adhuhuri, kisha akamgeukia Mwalimu macho yamemlegea. "Binti yangu, mbona hapa ndipo pabaya?"

"Ndipo penyewe, mzee."

Alikuwa waziri pekee aliyejifunza kitu, na siku mbili baadaye alistaafishwa kwa sababu za kiafya.

*

Siku ya Taifa ilifika na jua lake. Uwanja ulijaa, bendi ilipiga, na mawaziri wote kumi na mmoja waliobaki waliingia wamefungwa bandeji, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto, Waziri wa Ulinzi yote miwili na shingo. Vyeti vya hospitali walivining'iniza vifuani, mahali pa nishani. Mtukufu aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa bado hajaambiwa kipande chenyewe kikoje.

"Haya," akasema kwenye kipaza sauti, "kwa kuwa vijana wangu ni wagonjwa, hicho cha chekechea nitakipiga mwenyewe. Wananchi waone."

Watu laki moja wakapiga makofi. Daktari Mbwilo alikaa chini palepale kwenye nyasi. Mtukufu akashuka jukwaani na koti lake na nishani zake, akaketi mbele ya piano ya uwanjani, akafungua kurasa. Tukaona uso wake unabadilika. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Akafika wa nne, akafurahi kidogo, akanyoosha kidole, kisha akakirudisha. Mikono ikabaki hewani.

Dakika moja. Tatu. Dakika ya saba Mtukufu alikuwa hajagusa kibao hata kimoja, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye soksi. Aliinuka, akafunga piano.

Na mimi? Nina kazi. Nilikwenda nikamfuta: paji, shingo, kidevu. Leso nikaiweka kwenye mizani mbele ya watu laki moja.

"Gramu sitini na nane," nikasema.

Daktari Mbwilo aliruka kutoka kwenye nyasi. "Sitini na nane! Wananchi, mmesikia kipande kigumu kuliko vyote duniani! *Kimya cha Mtukufu*! Daraja la kumi na moja!" Makofi yalirudi mara mbili ya yale ya kwanza, na wengine waliomba kirudiwe. Kikarudiwa.

*

Kesho yake amri ikatoka: kwa kuwa kimya ndicho kilele cha sanaa, piano zote nchini zikusanywe kwenye bohari la taifa, zitunzwe zisipigwe. Ya kwanza iwe ya Mtaa wa Wafinyanzi. Nikatumwa mimi na Daktari Mbwilo, pamoja na wapagazi wanne wakiongozwa na pande la mtu aliyeitwa Njiku.

Watoto walikuwa wamejipanga ukutani, wote ishirini na watatu, hakuna aliyelia, jambo ambalo lilinisumbua kuliko kilio. Mwalimu Leokadia alikuwa amefuta vumbi tena. Unamfutia vumbi mgeni anayeondoka? Alikuwa amefuta hata chini ya miguu ya piano.

"Upesi! Upesi!" Daktari Mbwilo akapiga makofi. "Nina piano nyingine tisa leo!"

Wakaibeba. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Njiku alikuwa chini, uzito wote kifuani kwake, anahema. Walipofika kwenye kona, piano ikakwama, ubavu mmoja ukutani, mwingine kwenye mhimili wa ngazi. Wakasukuma. Wakavuta. Ndani yake nyuzi zikalia zenyewe, sauti nzito, ya chini kabisa. Njiku akaegemea ukuta, jasho linamdondoka kama paa bovu.

"Bosi, ngoja nipumue," akasema.

Nikamtazama. Nikatazama leso mfukoni mwangu.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," nikasema, "hili linalofanyika hapa, linafanywa kwa piano au halifanywi kwa piano?"

"Swali gani hilo? Si unaona ni piano!"

"Na mbele ya afisa wa Idara."

"Mbele ya maafisa wawili! Sukumeni!"

"Basi lazima lipimwe," nikasema, na kabla hajafunga mdomo nikamfuta Njiku: paji, shingo, kidevu. Mizani nikaiweka juu ya piano yenyewe, palikuwa pamenyooka. Leso ilitua na sahani ikashuka chini puu.

Daktari Mbwilo akasogea akasoma. Rangi ikamtoka. Akanishika kiwiko akaninong'oneza, "Andika ishirini. Sefania, tafadhali. Andika ishirini, kesho wewe ni Daraja la Kwanza."

Jamani, msidhani mimi ni shujaa. Nina mke, nina watoto wanne, nina muhuri. Daraja la Kwanza linakuja na kiti chenye magurudumu. Nilisimama kwenye ngazi ile na kalamu mkononi, watoto ishirini na watatu wananiangalia, na Mwalimu Leokadia anaangalia pembeni ili asinilazimishe. Nikaikumbuka mizani yangu sokoni. Ikiwa haikumwonea haya mwanamke huyu nilipompima gramu moja na nusu, itamwonea haya nani leo?

Nikaandika kwa herufi kubwa: *Kushusha piano ngazini, gramu sabini na nne*.

"Imezidi sitini na nane," nikasema kwa sauti, wasikie wote. "Kuendelea ni kufanya kwa piano jambo linalomzidi Mtukufu. Ndugu Njiku, ukiongeza ngazi moja tu, ni uhaini."

Njiku aliiachia piano kwa haraka sana. "Mimi? Mimi sipo!" Wenzake walikuwa wameshafika duka la mikeka.

"Basi irudisheni juu!" Daktari Mbwilo akapiga kelele.

"Kupandisha ni kuzito zaidi ya kushusha, Mheshimiwa. Nipime?"

Alikaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitulia, kichwa mikononi. "Pima upya," akasema, kisha akakisikia alichosema, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hapo Mwalimu Leokadia akashuka ngazi taratibu. "Mheshimiwa, sheria inasema wanafunzi wangu watumie meza," akasema. "Mimi sitaki kuvunja sheria. Kitu kipana juu, kina miguu, hakiruhusiwi kuondoka mahali pake, na Bwana Mkude ameshaweka mizani juu yake. Mnakiitaje?"

Daktari Mbwilo alitazama juu, alitazama chini, alifikiria bohari, na uhaini, na gari lake. "Andika," akaniambia kwa sauti ya mgonjwa.

Nikaandika: *Meza moja, nyeusi, ya ngazini*. Nikapiga muhuri.

Mpaka leo iko pale. Wanaokwenda juu hupita kwa ubavu. Watoto hukaa kwenye ngazi, wakubwa chini na wadogo juu, na hujifunzia mezani kama sheria inavyotaka. Sikupewa Daraja la Kwanza. Nilirudishwa Daraja la Tatu, na kiti changu hakina hata mgongo.

Siku ile, Mkurugenzi alipokwisha kuondoka, Mwalimu alivuta kigoda akapiga *Tufani Milimani* pale pale kwenye kona. Nilisimama ngazi tatu chini yake. Alipofika ukurasa wa nne jasho lilinitoka, mimi niliyesimama tu, likanishuka mpaka kwenye kola. Leso ilikuwa mfukoni. Nikajifuta kwa mkono wa shati, ili lisipimwe.